Alipo Mkwe, Mimi Sipo

Wanaosema hawana kinyongo ndio wenye nacho, kwa hiyo mimi sitajisumbua kukana. Mimi nina kinyongo kidogo, cha kawaida, cha mtu wa dukani. Neli alikuwa nacho kikubwa, kimekauka vizuri kama chungu kinachosubiri moto. Nadhani ndiyo maana tulipatana.

Naitwa Tausi. Babu yangu alitoka Kilwa na mzigo wa kanga, akafika Kyela, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Mume wangu Salehe ana duka la mabati na misumari mbele ya stendi, na pembeni ya duka kuna dirisha ambapo watu hupokea pesa za kutoka nje ya nchi. Dirishani nakaa mimi. Salehe hana subira ya kusomewa namba na mtu aliyesahau miwani.

Pesa nyingi hutoka Afrika Kusini, lakini miaka hii zimekuja pia za Shelisheli. Salehe alinionyesha visiwa hivyo kwenye ramani ya simu, na ilibidi apanue kwa vidole mara nne ndipo vionekane, punje za ufuta katikati ya maji. Watu wa kule ni wachache kuliko kazi zao. Wanajenga hoteli, wanaita mafundi, na mafundi wa huku wanakwenda. Basi fundi wa Bujonde anamwaga zege kisiwani, na mwezi ukiandama zege lile linageuka noti dirishani kwangu, na noti zinageuka miche ya kokoa.

Mzee Ambilikile wa Bujonde alikuwa mteja wangu wa Shelisheli. Mwanawe, Ambwene, alikuwa huko mwaka wa tatu. Mzee alikuja kila mwanzo wa mwezi, koti limefungwa vifungo vyote hata kukiwa na joto la kuivisha ndizi, akanisalimu polepole, akaweka kitambulisho na dole gumba, akaondoka na bahasha. Mimi nikimchekea. "Kijana anakukumbuka, mzee." Naye hujibu, "Nilimlea." Miaka mitatu nimemchekea mwizi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Neli nilimjua kwa vyungu. Ni Mkisi wa Ikombe, kule ufukweni mwa ziwa, ng'ambo ya Matema, ambako wanawake hufinyanga na wanaume huvua. Alikuwa akishuka Kyela na vyungu vyake vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, na siku moja mvua ikamkuta mbele ya duka, nikamwambia apande barazani. Nilinunua chungu cha kupikia wali. Wiki iliyofuata nikamlalamikia kwamba kinavuja, akakigeuza, akakigonga kwa kidole, akaniambia hakivuji, mimi ndiye sijui kuinjika. Nikampenda hapo hapo.

Mvua za Kyela ni ndefu, na barazani watu huzungumza. Akaniambia mume wake ni fundi, yuko Shelisheli, mwaka wa tatu. Binti yao, Diana, alichaguliwa chuo cha uuguzi mwaka jana, nafasi ikapotea kwa kukosa ada. Mwaka huu amechaguliwa tena, na mwisho wa kulipa ni mwisho wa Oktoba. Vyungu havitoshi. Mume hatumi kitu.

"Hatumi?" nikauliza.

"Anasema anatuma kwa baba yake. Baba yake anasema ananipa." Akaviringisha jani la mgomba mkononi. "Nilimwambia Ambwene sijaona hata senti. Akaniuliza, unamwita baba mwongo? Akakata simu. Miezi miwili hakunipigia."

"Na huyo baba yake anaitwa nani?"

Neli hakulitaja jina. Akatazama mvua. Nikakumbuka niko na mke wa Mnyakyusa, nikajua kwa nini.

Kwa wasiojua, nieleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Hawali pamoja, hawasemeshani, mke hamtaji mkwe kwa jina. Wakikutana njiani, mwanamke anapinda pembeni, anapiga magoti na kujifunika uso, na mwanamume anageuza njia. Kila kitu kati yao hupita mikononi mwa mama mkwe. Siku hizi familia nyingi zimeachana na mwiko huo, au zimebakiza kidogo tu cha kuonyesha adabu. Mzee Ambilikile hakuachana nao. Siku ya harusi ya Neli alisimama mbele ya watu akasema, "Alipo mkwe wangu, mimi sipo. Nilipo mimi, yeye hayupo." Watu wakapiga makofi, wakasema huyu ndiye mzee.

Mama mkwe alikufa, mzee akaoa msichana. Pesa ya Ambwene ikaanza kuingia mkononi mwa mzee, na wa kuivusha hadi kwa Neli akawa yule msichana, ambaye kila akiulizwa alisema mzee hajampa kitu. Neli hawezi kwenda kumuuliza mzee kwa sababu hawezi kumtazama. Hawezi kwenda kumshtaki ofisini kwa sababu hawezi kumtaja. Mzee alijenga ukuta wa heshima, akakaa nyuma yake akila.

Siri ya mteja ni siri, na mimi sikumwambia Neli chochote. Nilinyamaza tu. Lakini nilinyamaza vibaya, macho yakaenda yenyewe kwenye dirisha langu la pesa, na Neli si mjinga. Alitazama dirisha, akanitazama mimi, akaanza kufunga vyungu vyake bila haraka.

"Huja siku gani?" akauliza.

"Sijui unamsema nani," nikajibu. "Ila wa Shelisheli wote huja kati ya tarehe moja na tano."

Kabla hajaondoka alinieleza jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililonifanya nisimame upande wake. Diana alipokuwa mtoto wa miezi kumi alishikwa na homa ya degedege. Neli alimbeba mgongoni akakimbia zahanati, na katika kona ya mashamba ya mpunga akakutana na mkwe. Hakupinda. Hakupiga magoti. Alimpita mbio, mtoto anatetemeka mgongoni. Mtoto akapona, na wiki iliyofuata mzee akadai faini ya kuvunja mwiko, mtamba mmoja, kutoka kwa baba yake Neli. Baba yake alikuwa mvuvi, hakuwahi kufuga hata mbuzi. Aliuza mtumbwi wake akanunua mtamba, akampeleka Bujonde kwa mguu. Miaka iliyobaki alivua kwa mtumbwi wa kuazima, akirudisha nusu ya samaki kwa mwenye mtumbwi, hadi akafa.

"Alikufa anadaiwa mbasa wawili, samaki wa mwenye mtumbwi," Neli akasema. Hakulia. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali kisu kilipoingia.

Tarehe moja Septemba nilifungua duka saa mbili, nikamkuta barazani. Amepanga vyungu vyake mstari mmoja kutoka ngazi hadi mlangoni, naye ameketi kwenye mkeka kando ya mlango, kanga mabegani.

"Ugonile, dada Tausi," akanisalimu. "Nimekuja kuuza."

"Uza," nikamwambia. "Baraza ni la wote."

Saa nne mzee Ambilikile akatokea, koti, kofia, fimbo. Aliona vyungu kwanza. Halafu akamwona aliyekaa nyuma ya vyungu. Neli alipiga magoti, akashusha kanga hadi kidevuni, akainama kwa adabu ambayo hata bibi arusi hana. Mzee alisimama katikati ya barabara, bodaboda zikampigia honi kushoto na kulia. Akageuka akaenda zake.

Kesho yake alikuja saa mbili kamili. Neli alikuwepo tangu saa moja. Keshokutwa alikuja jioni tunakaribia kufunga. Neli alikuwepo. Siku ya nne alimtuma yule mke mdogo na kitambulisho chake, nikamrudisha, maana dole gumba halitumwi. Siku ya tano nikaona mzee anatafuta gari la Tukuyu, ambako kuna dirisha jingine kama langu. Stendi iko mbele yetu, hatua thelathini. Neli aliinuka na chungu kimoja kichwani, akaenda kusimama mlangoni mwa gari kama muuzaji yeyote, akajifunika. Kondakta anaita abiria, mzee anarudi kinyumenyume. Gari likaondoka bila yeye. Neli akarudi kwenye mkeka wake, akaniambia chungu hakijapata mteja.

Watu wakaanza kuelewa. Kyela ni mji mdogo, na mambo ya wakwe huenea upesi kuliko ya siasa. Kufika wiki ya pili kulikuwa na watu wanaokuja kunywa chai kwa jirani ili tu wamwone mzee anavyogeuka. Mimi niliona raha, sikatai. Raha ile ya kumwona mtu amenaswa na kamba aliyoisokota mwenyewe.

Salehe alinivuta ndani. "Tausi, huyu mzee wa watu. Mruhusu apite mlango wa nyuma, achukue pesa yake."

"Mlango wa nyuma ni wa jikoni kwangu."

"Ni mteja."

"Mteja huja dirishani. Dirisha liko wazi. Nani amemzuia?"

Salehe akarudi kwenye misumari yake, kwa sababu hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemtukana. Mkwe wake alikuwa akimheshimu tu, kila siku, kuanzia saa moja asubuhi.

Pesa za nje zina siku zake. Zisipochukuliwa ndani ya siku thelathini, hurudi zilikotoka. Za Ambwene zikarudi. Niliziona zinaondoka kwenye mashine yangu, zinavuka ziwa na nchi kavu na bahari, zinarudi kwenye punje yake ya ufuta. Nikafurahi, nikidhani Ambwene ataona ajabu, atauliza, atajua. Kweli alimpigia baba yake kuuliza. Na mzee akamjibu kwamba dukani kwa Salehe mfumo ni mbovu, na mwanamke wa dirishani ni mzembe.

Hilo nililisikia kwa Ambwene mwenyewe, maana alipiga simu ya duka kunigombeza. Miaka kumi na moja nakaa kwenye dirisha lile, sijawahi kumkosea mtu hata shilingi. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia, "Tuma tena, kaka. Ya mwezi huu na iliyorudi, zote pamoja. Safari hii zitatoka." Nikaweka simu chini. Tangu siku ile sikuwa tena mtazamaji. Nilimletea Neli kiti, na chai ya maziwa kila saa nne.

Oktoba ikaja na pesa mara mbili. Mzee alijaribu tena mambo yale yale, akashindwa yale yale. Lakini safari hii alikuwa na shida. Alikuwa amewakopa vibarua wa shamba la kokoa kwa maneno, na mke mdogo alikuwa na nyumba imeezekwa nusu, na mvua zinakaribia. Neli naye alikuwa na shida, maana tarehe ya chuo ilikuwa inasogea, na kila siku aliyokaa pale hakufinyanga. Alikonda. Diana alimpigia simu kumwambia mama acha, nitafanya kazi nyingine. Neli akamjibu kwamba hajauliza ushauri. Nilimuuliza kama pesa zikirudi tena kisiwani atafanyaje. Akasema zirudi hata mara kumi, bora zikae kisiwani kuliko kwenye koti lile.

Tarehe ishirini na sita Oktoba, siku ya soko, saa tano. Mji umejaa watu wa Makwale na Njisi na wanunuzi wa kokoa. Mzee Ambilikile alitoka upande wa stendi, na safari hii hakusimama katikati ya barabara. Alikaza macho mbele kama anavuka daraja la mti mmoja. Neli alimwona, akapiga magoti, akajifunika. Mzee akapanda ngazi. Fimbo yake ikagonga chungu cha kwanza, kikatoa mlio, hakikupasuka. Akampita mkwe wake kwa karibu kiasi kwamba koti liligusa kanga, akaingia, akaja dirishani kwangu akaweka kitambulisho.

Nje watu walisogea hadi ngazini. Hata wauza ndizi waliacha ndizi zao.

Nilifanya kazi yangu. Namba, kitambulisho, dole gumba. Dole lilikuwa na jasho, ikabidi alifute kwenye koti mara tatu. Nikamkabidhi bahasha. Alipogeuka, Neli alikuwa amesimama mlangoni. Kanga ilikuwa mabegani, uso uko wazi. Miaka ishirini ameolewa, na ndiyo mara ya kwanza kumtazama baba mkwe wake usoni. Alimtazama kwa muda, kama anayekagua chungu kabla ya kukinunua.

"Ambilikile," akasema.

Mzee alishtuka kama amemwagiwa maji. Mke wa mwanawe amemtaja jina, mchana, siku ya soko.

"Ambilikile, umenipita. Mwiko umeuvunja wewe, si mimi. Kwa hiyo naruhusiwa kukuuliza. Pesa ya Diana iko wapi?"

Mzee akatafuta uso wa kumsaidia kati ya watu, na uso alioupata ulikuwa wa Mika wa mashine ya kukoboa mpunga. Mika aliwahi kutozwa mbuzi kwa ushauri wa mzee huyu huyu, kisa mke wake alichota maji kisima kimoja na mkwe.

"Mzee wetu," Mika akasema, kwa adabu zote, "mila ni mila. Ukimpita mkwe ni mtamba. Si wewe uliyetufundisha?"

"Ni mtamba," wakasema wengine. Waliosema walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na wazee wenzake ndio waliosema kwa sauti zaidi.

"Sina ng'ombe hapa," mzee akasema.

"Baba yangu naye hakuwa na ng'ombe," Neli akajibu. "Alitafuta."

Akanyoosha mkono. Mzee alitazama bahasha, akatazama ngazi, na ngazi zilikuwa zimejaa watu. Bei ya mtamba siku hizo ilikuwa inameza karibu pesa yote ya miezi miwili. Alimpa bahasha nzima, mkono kwa mkono, bila mama mkwe katikati. Neli aliipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Ndaga fijo," akasema, asante sana, na alivyoisema nilisikia baridi.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alipiga magoti pale pale mlangoni, akashusha kanga usoni. "Faini imelipwa," akasema kutoka ndani ya kanga. "Mwiko umerudi." Baba yake Neli alipolipa mtamba, mwiko ulirudi kama kawaida. Sheria ni ya mzee, hakuweza kuikataa. Na Neli alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa pekee wa mbele, kwa hiyo mzee hakuweza kutoka. Nilimwacha asimame na mapipa ya rangi mpaka adhuhuri, ndipo nikamfungulia mlango wa jikoni. Alipita kati ya masufuria yangu.

Video ambayo mtu wa ngazini aliichukua kwa simu ilifika kisiwani kabla ya jua kuzama. Ambwene alipiga simu yangu akiomba kuongea na mkewe. Nilimsikia analia, mwanamume mzima, anaomba msamaha, anasema ningejuaje. Neli alimsikiliza, uso hauonyeshi kitu.

"Tuma kwa jina langu," akamwambia, na akanirudishia simu.

Diana alilipiwa siku iliyofuata. Sasa yuko mwaka wa pili, na akija likizo hunipima presha bila kuombwa. Pesa za Shelisheli huja kwa jina la Neli kila mwanzo wa mwezi. Anaweza kuzipata kwenye simu akiwa kwao Ikombe, mikono imejaa udongo. Hana haja kabisa ya kushuka Kyela.

Lakini anashuka. Tarehe moja, saa moja asubuhi, mkeka na mstari wa vyungu. Siku hizi anakaa pia siku za soko, na Jumapili huhamia kwenye njia ya kutokea ibadani, kando tu, kwa adabu, amejifunika. Mzee Ambilikile huzunguka nyuma ya soko kwenye tope la mfereji ili afike stendi. Ameacha kuvaa koti. Mara mbili ametuma wazee kusema amemfungulia mkwe wake, mwiko umekwisha, waonane kama watu wa siku hizi. Neli amewajibu kwamba yeye ni mwanamke wa mila, hawezi kumkosea heshima baba wa mume wake.

Mwezi uliopita nilimletea chai nikaketi naye. Mzee alikuwa ametokea kwenye kona, ametuona, amegeuka. Fimbo yake ilikuwa inazama topeni. Nikaona uchovu wa mgongo wake, na nikiri, kidogo nilimwonea huruma.

"Neli," nikamwambia, "mtoto yuko chuo. Pesa unapata. Mtamba alilipa. Unakaa hapa ya nini?"

Alipuliza chai yake, akanywa, akatazama kona ile mpaka mzee akapotea.

"Mtamba alikuwa wa Diana, dada Tausi," akasema. "Mtumbwi wa baba bado."